Usingizi wa Kichanga na Habari za Afya Yake

Mtoto mchanga hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa amelala, na kwa kuwa hana maneno ya kueleza kinachomsumbua, usingizi wake ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoweza kumpa mlezi habari za mwili wake kabla ugonjwa haujajitokeza wazi. Hata hivyo, habari hizo mara nyingi hutafutwa pasipo penyewe. Wazazi wengi huhesabu saa, wakamlinganisha mtoto wao na wa jirani, wakafurahi anapolala usiku kucha na wakahangaika anapoamka mara nne, ilhali idadi ya saa peke yake husema machache sana. Yanayosema zaidi ni mambo mawili: namna mtoto anavyoamka, na mabadiliko yanayotokea katika desturi yake mwenyewe ya kulala. Kichanga anayelala saa nyingi lakini akiamka hufumbua macho, akatafuta titi na kunyonya kwa nguvu, kwa kawaida yuko salama. Yule anayelala saa hizohizo lakini haamki hata akivuliwa nguo, au anaamka akanyonya mafunda mawili na kuzama tena, huenda ni mgonjwa mahututi, hata kama uso wake umetulia na hakuna aliyemsikia akilia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano unataja saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi minne, na saa 12 hadi 16 kwa aliye na miezi minne hadi 11, usingizi wa mchana ukiwemo. Upana wa viwango hivyo wenyewe unaonyesha kwamba watoto wawili wenye afya njema wanaweza kutofautiana kwa saa tatu au nne bila yeyote kati yao kuwa na kasoro. Katika wiki za mwanzo usingizi hutawanyika mchana na usiku bila mpangilio, kwa sababu utaratibu wa ubongo unaotenganisha mchana na usiku bado haujakomaa, na melatonini, yaani homoni ambayo mwili huitoa giza linapoingia, huanza kufuata mwendo wa kueleweka mtoto anapofikia miezi miwili au mitatu hivi. Kwa hiyo kichanga wa wiki tatu anayekesha na kulala asubuhi si mgonjwa, wala hajapigwa jicho na mtu. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama humeng'enywa upesi, na njaa humwamsha kama inavyopasa.

Usingizi wenyewe una sehemu mbili ambazo mlezi akizijua ataepushwa na hofu nyingi zisizo na msingi. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha maelezo ya aina ya usingizi ambayo ndani yake macho huenda huku na huko kwa haraka chini ya kope zilizofumbwa, na kazi hiyo ilitanguliwa na kutazama kwa saa nyingi macho ya watoto wachanga waliolala. Kwa mtoto mchanga aina hiyo huitwa usingizi wenye mwendo: uso hukunjamana, midomo hutabasamu au kunyonya hewa, vidole hutikisika, pumzi huenda mbio kisha ikapungua, na mara nyingine mtoto hutoa sauti ya kulia bila kuamka. Aina ya pili ni usingizi mtulivu, ambapo viungo hulegea na pumzi huenda kwa mwendo mmoja. Takriban nusu ya usingizi wa mtoto aliyezaliwa karibuni ni ule wenye mwendo, na aina hizo mbili hupokezana katika mzunguko wa dakika 50 hadi 60, wakati mzunguko wa mtu mzima huchukua kama dakika 90. Zaidi ya hayo, kichanga huingia usingizini kwa kupitia ule wenye mwendo, tofauti na mtu mzima, na ndiyo maana mtoto aliyesinzia kifuani huamka mara tu anapolazwa kitandani. Mlezi anayesubiri hadi mkono wa mtoto ulegee kabisa ndipo amlaze, humlaza akiwa tayari amefika kwenye utulivu. Vilevile, si kila sauti ya usiku ni mwito wa kunyanyuliwa. Sauti nyingi hutoka katika mang'amung'amu, na mtoto akiachwa kwa dakika moja huku akitazamwa, mara nyingi huendelea kulala.

Jambo linalowatisha wazazi kuliko yote ni pumzi, nao wana haki ya kulitazama kwa makini, kwa sababu hapa usingizi hutoa nafasi ya uchunguzi ambayo mtoto aliye macho na anayelia hatoi. Kichanga mzima anaweza kupumua haraka kwa muda mfupi, akanyamaza kwa sekunde tano hadi 10, kisha akaanza tena. Hali hii huitwa upumuaji wa vipindi, hutokana na kutokomaa kwa sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi, na hupungua kadiri miezi inavyosonga. Kunyamaza kunakopita sekunde 20, au kufupi zaidi ya hapo lakini kukiambatana na kulegea au kubadilika rangi, ni jambo la kumkimbiza mtoto hospitali. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi rangi isitafutwe shavuni, bali katika ulimi, ufizi na sehemu ya ndani ya midomo, ambako wekundu ukigeuka kuwa samawati au kijivu huonekana bila shaka. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao huathirika zaidi, na hospitali huwachunguza kwa sababu hiyo kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani.

Kuhesabu pumzi ni ujuzi ambao kila mama, baba, bibi na mfanyakazi wa nyumbani anapaswa kufundishwa, kwani hauhitaji kifaa chochote zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde au simu. Mtoto akiwa ametulia, nguo hufunuliwa hadi tumbo na kifua vionekane, na kila mnyanyuko huhesabiwa kwa dakika moja kamili. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai, kwa kuwa mwendo wa pumzi za kichanga haufanani tangu mwanzo wa dakika hadi mwisho wake. Kwa mujibu wa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuhudumia magonjwa ya watoto kwa pamoja, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoupokea mapema, katika miaka ya 1990, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, na hesabu hiyo hurudiwa ili kuhakikisha. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja kikomo ni 50, na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Pamoja na hesabu hutazamwa kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila mtoto anapovuta pumzi, kama matundu ya pua yanatanuka, na kama anaguna kila anapoitoa. Dalili hizi ni za mapafu yanayohangaika, mara nyingi kwa nimonia, na hazipaswi kuchanganywa na sauti ya pua iliyoziba, ambayo hutokea kwa urahisi kwa kuwa kichanga hupumua zaidi kwa pua, na ambayo hutulia pua ikilainishwa kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani kwa kazi hiyo.

Hatari iliyo kubwa zaidi, na inayopita kimyakimya, ni ile ya usingizi uliozidi. Katika familia nyingi mtoto anayelala mno husifiwa kuwa ni mtoto mtulivu asiyesumbua, na mama aliyetoka kujifungua, ambaye mwili wake umechoka, hupewa pongezi badala ya tahadhari. Sifa hiyo inafaa kungoja. Kichanga katika siku za mwanzo anatakiwa kunyonya mara nane hadi 12 kwa siku, na mpaka atakaporudia uzito aliozaliwa nao, jambo ambalo kwa kawaida hutimia kufikia wiki mbili, asiachwe alale zaidi ya saa tatu au nne bila kunyonya, kwa kuwa akiba yake ya sukari ni ndogo, na sukari ikishuka humfanya azidi kusinzia, na kusinzia humzuia kunyonya, hata sukari ikashuka tena. Anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku kuanzia takriban siku ya tano, na kipimo hiki cha nepi huaminika kuliko hisia ya mtu yeyote kuhusu maziwa kuwa mengi au machache.

Ili kutofautisha usingizi na kulegea kwa ugonjwa, mtoto huamshwa kwa hatua. Hufunguliwa kanga au blanketi, hubadilishwa nepi, nyayo zake husuguliwa taratibu, hulazwa kifuani ngozi kwa ngozi, na matone machache ya maziwa hukamuliwa midomoni mwake. Aliyekuwa katika usingizi mtulivu anaweza kukataa kwa muda, lakini baada ya dakika kadhaa hufika kwenye usingizi mwepesi, akajinyoosha, akafumbua macho na kunyonya. Asiyeitikia hatua hizo zote, au anayejongea pale tu anapoguswa na kuacha mara anapoachwa, hawezi tena kuitwa mtoto aliyelala. Katika mafunzo ya wahudumu wa afya hali hiyo ni dalili ya hatari, na mtoto anahitaji hospitali saa hiyohiyo.

Nyuma ya kulegea huko huweza kuwapo maambukizi ya damu, ambayo kwa mtoto wa chini ya miezi miwili si lazima yalete homa. Joto la nyuzi 37.5 au zaidi ni dalili ya hatari katika umri huo, lakini joto lililoshuka chini ya 35.5 ni hatari vilevile, na mama anayengoja mwili uchemke ili aamini kwamba mtoto anaumwa anaweza kungoja isivyopasa. Huweza pia kuwapo manjano. Watoto wengi huwa na umanjano kidogo katika siku ya pili au ya tatu, unaotokana na bilirubini, yaani mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika ambayo ini changa bado haliwezi kuyasafisha kwa kasi, na kwa wengi wao umanjano huo huisha ndani ya wiki mbili. Unaotisha ni ule unaoonekana kabla ya saa 24 kupita tangu kuzaliwa, ule unaofika viganjani na katika nyayo, na ule unaoambatana na usingizi mzito na unyonyaji dhaifu, kwa sababu kusinzia huko huenda ndiyo ishara ya kwanza kwamba bilirubini imeanza kuingia katika ubongo, ambako inaweza kuacha ulemavu wa maisha au kuua. Rangi hiyo hutafutwa mchana, katika mwanga wa jua wa dirishani, kwa kutazama weupe wa macho na kubonyeza ufizi na viganja. Kumwanika mtoto jua la asubuhi hakuchukui nafasi ya kipimo cha damu na taa maalumu za hospitali, na wazazi wengi wamepoteza siku zenye thamani kubwa kwa kuliamini jua.

Hapa kuna jambo linalowahusu hasa wakazi wa Pwani, kandokando ya Ziwa Viktoria na kwingine ambako malaria imekaa kwa vizazi vingi. Katika maeneo hayo wako watu wengi waliorithi upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu zisivunjike ovyo, kwani upungufu huo humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Mtoto aliyeurithi anaweza kupata manjano makali ghafla akivishwa nguo au kufunikwa kanga zilizohifadhiwa sandukuni pamoja na vidonge vyeupe vya nafthalini vya kuzuia nondo na mende. Nguo za urithi na zawadi za uzazi ni jambo jema, na njia ya uhakika ni kutotumia kabisa nafthalini katika nyumba inayotarajia mtoto.

Yupo pia mtoto ambaye hasinzii kwa ghafla, bali tangu mwanzo ni mzito: analala sana, analia kwa sauti nene, anapata choo kwa shida, umanjano wake hauishi na ulimi wake unaonekana mkubwa. Huyu apimwe homoni ya tezi ya shingo, iitwayo thairoidi, kwa kuwa akianza dawa katika wiki za mwanzo akili yake hukua vizuri, na akicheleweshwa hasara haifidiki.

Mitikisiko ya usingizini nayo huleta fadhaa. Kichanga hurusha mikono anaposikia kishindo, na tabia hiyo ya kushtuka huisha anapofikia miezi minne au zaidi kidogo. Baadhi hutikisika mikono au miguu kwa mfululizo wakiwa wamelala tu, na mtikisiko hukoma papo hapo wanapoamshwa. Hali hii haina madhara na hutoweka yenyewe ndani ya miezi michache. Degedege hutambulika kwa kuwa mtikisiko hauzuiliki kiungo kikishikwa, haukomi mtoto anapoamshwa, na mara nyingi macho huvutwa upande mmoja au midomo hutafuna bila kitu. Mtoto wa namna hii hapelekwi kwanza kufukizwa wala kuchanjwa chale, kwa kuwa nyuma ya degedege huweza kuwapo malaria iliyofika kichwani au homa ya uti wa mgongo, na katika magonjwa hayo kila saa ina uzito wake. Ipo aina nyingine inayofichika zaidi, ambayo daktari Mwingereza William James West aliieleza mwaka 1841 katika jarida la The Lancet baada ya kuiona kwa mwanawe mwenyewe: mtoto, kwa kawaida katika nusu mwaka wa kwanza wa uhai wake au baadaye kidogo, huinamisha kichwa na kukunja mwili kwa ghafla, tena na tena kwa mkupuo, hasa anapoamka. Wengi hudhani ni chango. Familia ikirekodi tukio hilo kwa simu na kumwonyesha daktari bila kuchelewa, ugunduzi huwa rahisi zaidi kuliko kwa maelezo ya mdomo.

Kuhusu mtoto asiyelala, maneno machache yanatosha. Chango, yaani kilio cha jioni kisicho na ugonjwa nyuma yake, hufikia kilele karibu na wiki ya sita na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mtoto mkubwa kidogo aliyekuwa analala vizuri, kisha akaanza kuamka akilia kila anapolazwa, achunguzwe masikio. Anayekoroma kila usiku, anayekata pumzi na kushtuka akihema, au anayelala kichwa kikiwa kimerudishwa nyuma, anaweza kuwa na nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Anayesinzia kwenye titi baada ya dakika chache huku paji la uso likitiririka jasho na pumzi zikienda mbio apimwe moyo, kwani kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote anazofanya mtoto wa umri huo, na moyo wenye kasoro huchokea hapo.

Ipo tabia inayopaswa kukemewa bila kuzungushazungusha maneno, nayo ni kumnywesha mtoto dawa za mafua au za mzio ili alale. Piritoni na dawa nyingine za jamii hiyo hununuliwa kwa urahisi, na hutolewa na walezi waliochoka, wakati mwingine bila mama kujua. Promethazini, iliyo katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi, imekatazwa kwa watoto walio chini ya miaka miwili kwa sababu imewahi kuwazuia kupumua hadi kufa. Usingizi unaoletwa hivyo humwondolea mtoto kinga yake kubwa, ambayo ni uwezo wa kuamka pale hewa inapopungua. Uwezo huohuo ndio ulio nyuma ya nasaha ya kumlaza mtoto chali. Uingereza ilianza kampeni yake mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika nchi hizo. Mtoto aliyelazwa kifudifudi hulala fofofo, hupata joto zaidi, huvuta tena hewa aliyoitoa, na huamka kwa shida.

Mama wa Afrika Mashariki anayelala na mwanawe kitanda kimoja hafanyi kosa, na kunyonyesha usiku huwa kwepesi kwa njia hiyo, mradi godoro liwe gumu kiasi, mito na blanketi nzito viwe mbali na uso wa mtoto, na asiwepo kitandani mtu aliyelewa, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za usingizi. Kochi halifai kabisa. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote, na katika nyanda za baridi kama Njombe au Kericho jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa kwa nia ya kumpasha mtoto joto, kwa sababu monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na humfanya aliyelala azidi kulala. Joto la mtoto hupimwa kwa kugusa kifua au shingo, si viganja, ambavyo huwa baridi hata kwa mtoto mzima.

Mlezi anapofika zahanati, maneno kwamba mtoto analala sana au halali hayamsaidii mhudumu kiasi kikubwa. Humsaidia zaidi kuambiwa mtoto alinyonya lini mara ya mwisho na kwa muda gani, amelowesha nepi ngapi tangu jana, pumzi zilikuwa ngapi kwa dakika, iliwachukua muda gani kumwamsha, amepewa dawa gani ikiwemo ya kienyeji, na desturi yake ya kulala ilibadilika siku gani. Kadi ya kliniki ichukuliwe pamoja naye, kwa kuwa uzito ulioandikwa humo hueleza mengi. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye dalili yoyote ya hatari iliyotajwa asingoje kupambazuke. Apelekwe usiku huohuo akiwa ngozi kwa ngozi kifuani pa mama ndani ya kanga, na kama anaweza kumeza, anyonyeshwe njiani.